Kliniki ya Mtaani Inagharimu Ngapi? Mwongozo Kamili wa Kukokotoa Gharama za Uuguzi wa Jamii Nairobi

Miaka kadhaa nyuma, rafiki yangu aliyekuwa msimamizi wa wauguzi katika kituo kimoja cha afya huku Eastlands aliulizwa swali mkutanoni: hii kliniki yenu ya mtaani inakula pesa ngapi kwa mwaka? Akafungua daftari, akajumlisha nauli za boda, chai, vocha za simu na vifaa walivyonunua, akajibu: kama laki nne hivi. Mfadhili alikuwa anaondoka, kwa hiyo waliokuwa wakipanga bajeti wakaandika laki nne na mkutano ukaisha mapema. Kufikia Desemba kliniki ilikuwa imekufa. Pesa ya boda ilikuwepo, chai ilikuwepo. Wauguzi ndio hawakuwepo. Mmoja alikuwa wa mkataba na mkataba ukaisha. Mwingine alirudishwa wodi ya uzazi, kwa sababu kwenye karatasi kazi yake ya mtaani ilikuwa imeandikwa sifuri.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dada huyo alikuwa na daftari, tena safi, ila lilikuwa daftari la pesa taslimu tu.

Mwongozo huu ni wa muuguzi au msimamizi wa kituo anayetaka kujua gharama halisi ya huduma ya uuguzi wa jamii: kliniki za kutembelea mitaa, ziara za nyumbani, kufuatilia watoto walioruka chanjo. Huhitaji shahada ya uchumi. Unahitaji kalkuleta, rejista zako na ujasiri wa kumwomba mhasibu karatasi ambazo hajawahi kuombwa na muuguzi. Takwimu za pesa na za wateja zilizo hapa nimezitunga ziwe mfano wa kufanyia hesabu. Weka zako mahali pake.

Andika swali kabla ya kushika kalkuleta

Watu huanza na orodha ya matumizi. Anza na swali, kwa sababu kila swali lina jibu lake la pesa. Anayeuliza "tutenge kiasi gani mwakani?" anataka fedha zitakazotoka mfukoni. Anayeuliza "kliniki ya mtaani au ujumbe wa simu, kipi kinafaa zaidi?" anataka gharama ya kiuchumi, yaani thamani ya kila kitu kilichotumika, hata kile ambacho hakuna aliyekilipia. Anayeuliza "tukiongeza Jumamosi itakuwaje?" anataka gharama ya nyongeza peke yake. Ukimpa wa tatu jibu la wa pili utamtisha bure, na ukimpa wa pili jibu la wa kwanza yatakukuta yaliyomkuta rafiki yangu.

Mfano wetu ni huu. Kituo cha afya cha ngazi ya 3 kinaendesha kliniki katika ukumbi wa kanisa ndani ya mtaa wa mabanda, mara mbili kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, yaani vikao 96. Kila kikao kina wauguzi wawili. Wahamasishaji wa afya ya jamii kumi huita akina mama na kuwasaka watoto waliopotea. Wastani wa watoto ni 26 kwa kikao, sawa na mahudhurio 2,496 kwa mwaka.

Mfuko wa nani?

Kabla ya kuandika bei ya chochote, chora safu tano kwenye karatasi: serikali kuu, kaunti, mfadhili, jamii, mama mwenyewe. Kila gharama iingie kwenye safu yake. Nchini Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu ugatuzi wa 2013 mshahara wa muuguzi wa kituo ni wa kaunti. Chanjo hununuliwa na serikali kuu kwa msaada wa Gavi, shirika la kimataifa la chanjo. Posho za wahamasishaji, waliozinduliwa rasmi kitaifa Septemba 2023, hutoka pande zote mbili za serikali. Ukumbi ni wa kanisa. Nauli na siku ya kazi iliyopotea ni za mama.

Safu ya mama isiachwe tupu. Mama fua anayekaa foleni kituoni kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana amepoteza nyumba moja ya kufulia, na mama mboga amepitwa na wateja wa asubuhi. Ikiwa kliniki ya mtaani inamwokolea Sh350 kila safari, kati ya boda na kibarua, basi kwa mahudhurio 2,496 akina mama wamebaki na Sh873,600. Pesa hiyo haionekani kwenye vitabu vya kaunti hata kidogo, ila ndiyo inayoeleza kwa nini wanakuja.

Mwaka mzima, si miezi mitatu mizuri

Chukua mwaka wa fedha wa serikali, 1 Julai hadi 30 Juni, ili hesabu yako ilingane na ya wahasibu. Usichukue robo mwaka ukazidisha kwa nne. Aprili na Mei mvua hufunga vichochoro. Mwaka 2024 mafuriko yaliipiga Mathare vibaya na watu wakahama. Desemba nusu ya akina mama wako ushago. Mgomo ukitokea, mahudhurio ya kituo hushuka na ya mtaani huyumba. Yote hayo ni sehemu ya mwaka wa kawaida Nairobi, na wastani usioyabeba hauna kazi.

Muda wa muuguzi: hapa kaa sana

Karibu nusu ya gharama ya huduma hizi ni muda wa wauguzi, na hapo ndipo makosa hujaa. Nenda hivi.

Kwanza, gharama ya muuguzi kwa mwajiri. Usichukue pesa inayoingia benki. Chukua mshahara wa msingi, marupurupu yote ya nyumba, nauli, hatari na mengineyo, kisha ongeza kile ambacho mwajiri hutoa juu yake: mchango wake wa pensheni au NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) na asilimia 1.5 ya ada ya nyumba. Makato ya bima ya afya ya SHA, asilimia 2.75, hutoka kwenye mshahara wa mfanyakazi mwenyewe. Tayari yamo ndani ya jumla, usiyaongeze tena. Tumia wastani wa daraja la kazi, si hati ya malipo ya mtu fulani. Hakuna haja ya kuanika mshahara wa mwenzako kwenye ripoti. Tuseme tumepata Sh92,000 kwa mwezi, Sh1,104,000 kwa mwaka.

Pili, saa anazoweza kufanya kazi kweli. Mwaka una siku 261 zisizo wikendi. Ondoa 30 za likizo, 11 za sikukuu zinazoangukia siku za kazi, na 10 za ugonjwa na mafunzo. Zinabaki 210. Zidisha kwa saa 8, unapata 1,680. Lakini hakuna binadamu anayehudumia saa nane mfululizo: kuna mikutano, kukabidhiana zamu, kwenda msalani, kutafuta ufunguo wa stoo. Robert Kaplan na Steven Anderson, walioeleza mwaka 2004 njia ya kukokotoa gharama kwa kufuata muda, walipendekeza kuhesabu asilimia 80 hadi 85 ya saa hizo. Nachukua 80, napata saa 1,344.

Gawa Sh1,104,000 kwa 1,344: Sh821 kwa saa. Tuiviringe iwe Sh820. Ukigawa kivivu kwa wiki 52 za saa 40 ungepata Sh531, na ungekuwa umepunja gharama kwa zaidi ya theluthi moja kabla hata hujaanza.

Tatu, saa zilizotumika. Usiwaulize wauguzi "huwa mnachukua muda gani?" Kumbukumbu ya mtu aliyechoka haiaminiki, na kila mtu hukumbuka siku mbaya zaidi. Tengeneza karatasi yenye visanduku vya dakika 15 na muijaze kwa wiki mbili. Chagua wiki za kawaida, si wiki ya Malezi Bora (kampeni ya afya ya mama na mtoto) wala ya kampeni ya polio. Waambie wenzako mapema, tena mara mbili, kwamba karatasi si ya nidhamu. Wakishuku hivyo watajaza mnachotaka kuona.

Karatasi ile itawashangaza. Kikao kinachoitwa cha asubuhi huanza saa moja na nusu, chanjo zinapotolewa kwenye friji na kupangwa kwenye vibebeo na pakiti za barafu. Kuna kungoja boda. Kuna kungoja mwenye ufunguo wa ukumbi. Kuna kumwandika mtoto yuleyule kwenye kijitabu cha mama, kwenye rejista ya MOH 510, kisha kumhesabu tena kwenye muhtasari wa MOH 710 mwisho wa mwezi. Kuna kurudi, kurudisha chanjo zilizobaki na kusoma kipimajoto cha friji. Kati ya saa 7 za muuguzi, saa 4 na nusu ndizo za kumgusa mtoto. Zote 7 ni gharama ya programu.

Sasa hesabu: wauguzi 2 × saa 7 × vikao 96 ni saa 1,344, sawasawa na mwaka mzima wa muuguzi mmoja. Ziara za nyumbani saa 4 kwa wiki, saa 192 kwa mwaka. Ripoti na uratibu, saa 96. Jumla saa 1,632 × Sh820 = Sh1,338,240. Hii ndiyo sifuri ya rafiki yangu.

Wahamasishaji nao wana hesabu mbili. Kwa mfuko wa serikali, chukua sehemu ya posho inayolingana na sehemu ya kazi yao waliyotoa kwenye programu. Kwa gharama ya kiuchumi, chukua siku walizofanya uzithamini kwa kibarua ambacho wangepata: kumi kati yao, siku 40 kila mmoja, Sh600 kwa siku, Sh240,000. Pengo kati ya hesabu hizo mbili wanalibeba wao wenyewe, na liandikwe kwa maneno kwenye ripoti. Ndilo linaloeleza kwa nini ifikapo Februari, ada za shule zikibana, wanne kati ya kumi hawaonekani.

Chupa iliyofunguliwa

Bei ya dozi iliyoko kwenye karatasi ya stoo si bei ya dozi iliyoingia mkononi mwa mtoto. Chanjo ya surua na rubela, inayotolewa miezi 9 na 18, huja kwenye chupa ya dozi 10, na ikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6 au kikao kikiisha. BCG, chanjo ya kifua kikuu, huja chupa ya dozi 20, kwa sharti hilohilo. Pentavalenti, chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja, ni tofauti: chupa iliyofunguliwa huweza kutumika hadi siku 28 ikitunzwa inavyotakiwa.

Tuseme chupa ya surua na rubela ni Sh900. Wakija watoto 14 wa chanjo hiyo, unafungua chupa 2, unatupa dozi 6, na kila mtoto amegharimu Sh129 badala ya Sh90. Wakija 11, unafungua mbili vilevile, na kila mtoto ni Sh164. Wakija 28 kwa siku moja, chupa 3 zinatosha na gharama inashuka hadi Sh96.

Mkaguzi akiona hivyo atasema: basi msifungue chupa hadi wafike kumi. Mkatalie. Kanuni ni kufungua hata akija mmoja, kwani mama aliyerudishwa leo huenda asirudi tena, na gharama ya mtoto wa surua wodini haifanani na ya dozi tisa zilizomwagwa. Panga siku badala yake: waitwe wa miezi 9 na 18 siku moja ya wiki, wa wiki 6, 10 na 14 siku nyingine, huku mlango ukibaki wazi kwa anayekuja siku isiyo yake.

Kipimo cha jumla ni rahisi: gawa 1 kwa (1 toa kiwango cha upotevu). Upotevu wa asilimia 30 unakupa 1.43, na hicho ndicho cha kuzidishia bei ya dozi. Kiwango cha upotevu kitoe kwenye daftari lako la stoo, dozi zilizotoka dhidi ya watoto waliochanjwa. Usikope cha kituo kingine. Ongeza mabomba ya sindano, visanduku vya kutupia sindano na gharama ya kuviteketeza, pamba, glavu, vitamini A na dawa za minyoo. Kwa mfano wetu vyote ni Sh620,000.

Vifaa na mafunzo

Hema, meza, viti, mizani na vibebeo vya chanjo vilivyonunuliwa mwaka huu vitatumika miaka mitano. Ukivibebesha mwaka mmoja, mwaka wa kwanza utaonekana wa kifahari na wa pili wa bure. Gawa bei kwa kigawanyo cha miaka, kinachotokana na kiwango cha punguzo, yaani asilimia ambayo pesa ya mwakani huhesabiwa kuwa na thamani ndogo kuliko ya leo. Asilimia 3 hutumika sana katika tathmini za afya. Kwa kiwango hicho, kigawanyo cha miaka 2 ni 1.913, miaka 3 ni 2.829, miaka 5 ni 4.580, miaka 10 ni 8.530. Kwa idadi nyingine ya miaka: inua 1.03 kwa kipeo hasi cha miaka, toa jibu kwenye 1, kisha gawa kwa 0.03.

Vifaa vya Sh122,000 vya miaka 5 ni Sh26,638 kwa mwaka. Tableti na mafunzo ya kuanzia, Sh145,000 kwa miaka 3, ni Sh51,255. Jumla Sh77,893. Mafunzo ni kama kifaa: muuguzi akihama, yameondoka naye, kwa hiyo usiyape maisha marefu kuliko anavyokaa muuguzi wa kawaida kituoni kwenu. Kifaa cha msaada kihesabiwe kwa bei ya kukinunua leo, maana kikiharibika ndiyo bei utakayoulizwa dukani.

Gharama za pamoja

Kituo kinalipa karani, mlinzi, mfagiaji, umeme na maji, na programu yako inatumia kidogo ya kila kimoja. Mgawanyo wa haki ni ule unaofuata sababu ya matumizi. Utawala ugawe kwa saa za wauguzi: kituo chenye wauguzi kumi kina saa 13,440, zetu ni 1,632, karibu asilimia 12. Kama utawala ni Sh1,500,000, tunabeba Sh180,000. Friji na umeme wake vigawe kwa dozi: tukitumia asilimia 30 ya dozi za kituo na mnyororo baridi, yaani kutunza chanjo kwenye baridi, ni Sh160,000, tunabeba Sh48,000. Kodi ya jengo usijibebeshe kwa saa, kwani hauko jengoni. Badala yake thamini ukumbi wa kanisa kwa kile ambacho wangekodisha, tuseme Sh1,500 kwa kikao, Sh144,000.

Usipoteze mwezi hapa. Watu hubishania umeme wa Sh5,000 huku milioni ya mishahara ikipita mlango wa nyuma.

Jumla

- Muda wa wauguzi: Sh1,338,240
- Chanjo na vifaa vya matumizi: Sh620,000
- Wahamasishaji: Sh240,000
- Gharama za pamoja: Sh228,000
- Ukumbi: Sh144,000
- Vifaa na mafunzo, kwa mwaka: Sh77,893
- Boda, Sh800 kwa kikao: Sh76,800
- Vocha, uchapishaji, chai: Sh48,000
- Jumla: Sh2,772,933

Daftari la pesa taslimu la programu hii lingeonyesha boda, vocha na chai, na ununuzi wa vifaa na mafunzo kwa bei kamili: Sh391,800. Laki nne. Gharama halisi ni mara saba ya hiyo.

Gawa kwa nini?

Kwa mahudhurio 2,496, kila ziara ya mtoto ni Sh1,111. Ni takwimu nzuri ya kufuatilia mwezi hadi mwezi, ila haisemi kama mtoto amekingwa. Kwa watoto 310 waliokamilisha chanjo zao, kila mmoja ni Sh8,945.

Lakini tulia. Fungua rejista ya kituo uangalie 310 hao. Ukikuta 120 walikuwa wakihudhuria kituoni vizuri tu, wakahamia mtaani kwa sababu ni karibu, basi hukuwaokoa na kukosa chanjo; uliwaokoa na foleni. Waliokamilisha kwa sababu yako ni 190, na gharama ni Sh14,594 kwa kila mmoja. Inauma kuiandika. Andika zote mbili, na kando yake weka ile Sh873,600 iliyobaki kwa akina mama, kwani wale 120 ndipo faida yao ilipo.

Kazi ya kuwasaka walioruka chanjo ipe hesabu yake. Saa za ziara za nyumbani (Sh157,440), nusu ya muda wa wahamasishaji (Sh120,000) na nusu ya vocha, uchapishaji na chai (Sh24,000) ni Sh301,440. Wakirudishwa watoto 130, ni Sh2,319 kwa kila mmoja.

Wastani si nyongeza

Kaunti ikiuliza "kila mtoto Sh1,111, tukiwapa watoto 768 zaidi mtahitaji laki nane na nusu?" jibu ni hapana. Kikao kikishafunguliwa, wauguzi wapo, ukumbi upo, boda imelipwa. Mtoto wa ziada anakula chanjo na vifaa vyake, kama Sh250. Kupanda kutoka watoto 26 hadi 34 kwa kikao kunaongeza Sh192,000 kwa mwaka, na wastani unashuka hadi Sh908.

Hadi lini? Karatasi ya muda inajibu. Mtoto mmoja huchukua dakika 12. Wauguzi wawili wana saa 9 za huduma, dakika 540, yaani watoto 45. Wa 46 anadai muuguzi wa tatu, au anahudumiwa haraka haraka bila mama kuelezwa chochote. Gharama haipandi kama mteremko wa Ngong. Inapanda kama ngazi, na kazi yako ni kujua kidato kinachofuata kiko wapi.

Itikise hesabu

Badilisha dhana moja kwa wakati uone jibu linavyoyumba. Mishahara ikipanda asilimia 20, ziara inafika Sh1,218. Mahudhurio yakishuka robo, na chanjo zikipungua kwa kiasi hichohicho, inafika Sh1,398. Kiwango cha punguzo kikitoka asilimia 3 hadi 10, ziara inaongezeka Sh5. Sh5 tu! Mjumbe wa kamati akitaka kujadili kiwango cha punguzo kwa nusu saa, mwonyeshe mstari huo kwa heshima, mrudi kwenye mahudhurio.

Kulinganisha na njia nyingine

Tuseme wahamasishaji kupiga simu na kuwakumbusha akina mama waende kituoni kungegharimu Sh420,000 na kuongeza watoto 70 waliokamilisha. Usilinganishe wastani kwa wastani. Toa: Sh2,772,933 kasoro Sh420,000, gawa kwa 190 kasoro 70. Kila mtoto wa ziada ambaye kliniki inampata na simu haimpati ni Sh19,608. Swali halisi ndilo hilo: je, watoto hao 120 wa ziada (si wale 120 waliohamia mtaani kutoka kituoni) ni wa kufuatwa kwa bei hiyo? Mimi nasema ndiyo, kwa sababu mtoto asiyefikiwa na simu mara nyingi ndiye ambaye mamake hana simu, au amehama nyumba mara tatu mwaka huu. Hilo ni neno langu, kalkuleta haijalisema. Kwenye ripoti, tenganisha hayo mawili kwa aya mbili.

Msiingie kwenye hesabu za miaka ya maisha iliyookolewa kwa kliniki moja. Ziachieni watafiti wenye data ya vifo.

Kuipeleka mezani

Hesabu nzuri iliyofika Mei ni karatasi ya kufungia maandazi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Fanya karatasi ya muda Juni, malizia jumla Julai, umpelekee msimamizi wa afya wa kaunti ndogo kabla Agosti haijaisha. Zile gharama ndogondogo za boda na vocha jaribu kuzipata kwenye mapato ya kituo chenyewe, kwa kuwa sheria ya 2023 ya fedha za kuboresha vituo inakiruhusu kubaki na mapato yake na kuyatumia.

Peleka ukurasa mmoja. Juu: swali. Chini yake zile safu tano za mifuko, kila moja na jumla yake. Halafu Sh1,111, Sh14,594, na kidato cha watoto 45. Karatasi za hesabu ziambatishwe nyuma, pamoja na tarehe ya bei ulizotumia, ili anayekuja baada yako azipandishe kwa fahirisi ya bei ya KNBS, shirika la taifa la takwimu, bila kuanza upya.

Na kwenye mstari wa wafanyakazi usiandike "kama ilivyo" wala "wapo". Andika: saa 1,632 za uuguzi, sawa na muuguzi mmoja na robo, nafasi zipo kwenye orodha ya wafanyakazi wa kituo, hazihamishwi bila kikao kufutwa. Rafiki yangu sasa yuko kituo kingine, upande wa Kangemi, na huanza ukurasa wake na mstari huo. Boda na chai ameziteremsha chini kabisa.